Vihenge Viko Sawa, Mbegu Ziko Wapi?

Paukwa!

"Pakawa."

Hiyo ni pakawa ya wagonjwa. Paukwa!

"Pakawaaa!"

Haya, hapo sawa. Palikuwa na kihenge.

"Kilijaa?"

Kilijaa pomoni.

"Nani kala?"

Ndiyo hayo niliyokuja kuwaambia. Sogeeni karibu. Bakuli hili la karanga naliweka hapa katikati, kila mtu achote kwa zamu, na asiwepo wa kuchota kwa mikono miwili. Sikudhani, nakuona! Karanga hizi ni za hadithi nzima, si za utangulizi.

Hapo kale wanyama walikuwa wakilima. Ndiyo, wakilima, usinikatize. Waliishi bondeni, upande huu wa mto na upande ule, na kila nyumba ilikuwa na kihenge chake. Mnakijua kihenge? Ni ghala la kuhifadhia mbegu, tumbo la mviringo limesukwa kwa fito, likakandikwa udongo, likakaa juu ya nguzo nne lisiliwe na mchwa. Juu yake paa la nyasi. Na wanyama wale walikiita kihenge kwa viungo kama mtu. Chini ni magoti, kisha kiuno, kisha kifua, na juu kabisa ni shingo. Mwenye mbegu hadi shingoni huyo alilala usingizi mnono.

Sasa bonde lile lilikuwa na desturi yake. Ukivuna vikapu vitatu vya mbegu, huviweki pamoja. Kimoja unakiweka kwako, cha pili unakipeleka kwenye kihenge cha mwenzio kilimani, cha tatu unakivusha mto ukakiweke kwa mwenzio wa ng'ambo. Naye hivyo hivyo, analeta chake kwako. Walisema, "Moto hauvuki mto, na mafuriko hayapandi kilima." Kihenge kimoja kikiungua, mbegu yako inacheka iko kwingine.

Lakini penye vihenge vingi hapakosi kimoja kufurika mpaka udongo unapasuka, na kingine kubaki kitupu mpaka mijusi inahamia. Ndiyo maana kila mwezi ulipoandama wanyama wote walikutana kwa kazi ya kusawazisha. Aliyejaa alipunguziwa, aliyepungua alijazwa, mpaka vyote vilingane.

Na aliyepima alikuwa nani? Kindi! Huyo huyo mdogo, mwenye mkia mkubwa kuliko heshima yake. Kindi alishika kokwa kavu, akapanda ubavu wa kihenge kutoka chini, huku akigonga. Palipo na mbegu pakalia ndu. Palipo patupu pakalia kwo. Basi alipanda hivi: ndu, ndu, ndu, ndu... kwo! Hapo hapo alichovya kidole katika udongo mweupe akatia alama. Akashuka, akaenda kingine. Ndu, ndu... kwo! Akatia alama.

Kisha wanyama wakabeba vikapu, wakaimba. Imbeni na ninyi, msikae kama mawe:

Chota, beba, mwaga!
Chota, beba, mwaga!

Kindi akapima tena, akauliza kwa sauti, "Sawa?"

Na bonde zima likajibu, "Sawa sawa!"

Ngoma ikapigwa, watu wakala, wakarudi makwao. Maisha yalikuwa mazuri, na mimi nawaonea wivu.

Siku moja akaja Ndovu. Alitoka upande wa ukame, mkubwa, mzito, masikio kama nyungo mbili. Akasema, "Hodi bondeni."

Wakamjibu, "Karibu, Mzee Ndovu."

Ndovu akajenga kihenge. Lo! Kihenge gani hicho! Mtu akikizunguka anapumzika njiani. Nguzo zake ni magogo, paa lake limemaliza nyasi za kilima kizima. Akasimama mbele yake akasema, "Mimi ni mwenyeji sasa. Sheria ya kwenu inasemaje kuhusu kihenge kipya?"

Wakasema, "Kinajazwa mpaka kilingane na vingine."

"Basi linganisheni."

Wakabeba. Chota, beba, mwaga! Siku hiyo vihenge vyote vilishuka kutoka shingoni hadi kifuani, maana tumbo la kile cha Ndovu lilikuwa halina mwisho. Hakuna aliyenung'unika. Mgeni naye ni mtu, na haki ni haki. Kindi akauliza, "Sawa?" Wakajibu, "Sawa sawa!"

Sasa nawaambia siri ambayo wanyama hawakuijua. Kila siku jua likifika utosini, bonde zima lilikuwa limelala vivulini. Kanga kalala, Ngiri kalala, hata nzi kalala. Ndovu hakulala. Alisogea kwenye kihenge chake nyatu, nyatu, akainua paa kwa mkonga, akauingiza ndani. Fyuuu! Akautia mdomoni. Gubu! Fyuuu! Gubu! Kwa haraka ya kuogopa kuonekana hakutafuna hata punje moja. Alimeza tu. Fyuuu, gubu! Kisha akarudisha paa, akafuta mdomo, akasimama chini ya kivuli kama mtu aliyesali.

Na mbegu hizo hazikuwa zake. Zilikuwa za wote, na zilikuwa mbegu za kupanda masika.

Mwezi ukaandama. Kindi akapanda vihenge vya wenyeji. Ndu, ndu, ndu... kwo! Kifuani. Ndu, ndu, ndu... kwo! Kifuani. Akafika kwa Ndovu. Ndu... kwo!

"Mzee Ndovu," Kindi akasema, "mbona kwako ni magotini?"

"Mbegu zimeshindiliana," Ndovu akajibu. "Kihenge kipya ndivyo kilivyo. Sheria inasemaje?"

"Aliyepungua ajazwe."

"Basi nijazeni."

Chota, beba, mwaga! Chota, beba, mwaga! Vyote vikawa kiunoni. "Sawa?" "Sawa sawa!" Wakacheza ngoma.

Mwezi mwingine ukaandama. Vya wenyeji, ndu, ndu... kwo! Kiunoni. Cha Ndovu, kwo! Hata ndu haikusikika.

"Mbegu zimeshindiliana tena?" Ngiri akauliza. Ngiri alikuwa na mdomo mrefu na busara fupi. "Zinashindiliana mpaka wapi, Mzee? Mpaka kuzimu?"

Ndovu alimnyanyua Ngiri kwa mkonga, akamrusha katikati ya kichaka cha miiba. Pwaa! Ngiri alichomolewa miiba wiki nzima, na mingine naambiwa mpaka leo anayo mashavuni. Baada ya hapo swali hilo halikuulizwa tena. Wakabeba tu. Chota, beba, mwaga! Vyote vikawa magotini.

"Sawa?"

"Sawa sawa!"

Na ngoma wakacheza! Mnaona watu hao? Vihenge viko magotini, masika inakaribia, nao wanacheza kwa sababu wako sawa. Mtu akizoea kuuliza swali moja hupata jibu moja, hata nyumba ikimwangukia. Mbwana, acha kucheka, wewe jana ulikuja kunionyesha kuwa viatu vyako vimetoboka vyote viwili sawa.

Na Kindi je? Mjanja wetu alikuwa wapi? Nitasema kweli, ingawa nampenda. Kila mwezi alipanda kidogo kuliko mwezi uliopita, naye alifurahi! Alijisemea, "Siku hizi kazi imekuwa nyepesi." Alipima, akashuka, akaenda kulala mapema. Mjanja naye ana uvivu wake.

Aliyemwamsha ni Bi Kanga.

Bi Kanga alikuwa na vifaranga wengi na mali moja tu, mtama mwekundu. Punje zake za kwanza alipewa na mama yake siku aliyoolewa, akaja nazo bondeni. Hakuna mwingine aliyekuwa na mtama ule. Aliufuata ule utaratibu wa bonde vizuri kabisa, kikapu kimoja kwake, kimoja kilimani, kimoja ng'ambo ya mto. Alitulia, akangoja masika.

Asubuhi moja Bi Kanga alikuwa akitafuta wadudu nyuma ya kihenge cha Ndovu. Kule nyuma kulikuwa na marundo ya samadi. Marundo ya nani? Msiniulize maswali ambayo majibu yake mnayajua. Kanga akaparua kwa mguu. Paru, paru. Akaparua tena. Paru... akasimama. Akainamisha shingo, akaangalia kwa jicho hili, akageuka akaangalia kwa jicho lile.

Akakimbia mpaka chini ya mti wa Kindi. "Shoga! Shoga, shuka!"

Kindi akatoa kichwa. "Kuna nini, bibi? Leo si mwandamo."

"Shuka, nakwambia!"

Kindi akashuka akipiga miayo. Kanga akatema kitu mbele yake. Ilikuwa punje nyekundu, nzima, haina hata mkwaruzo, na imeanza kutoa kijichipukizi cheupe.

"Huu ni mtama wa mama yangu," Kanga akasema. "Niliuweka kwangu, nikauweka kilimani, nikauweka ng'ambo. Shoga, mimi sikuuweka ndani ya mnyama."

Kindi akaishika ile punje, akainusa. Akaitupa chini haraka, akajifuta mikono. Kisha usingizi wote ukamtoka. Akapanda kihenge cha jirani, si mpaka alama mpya, bali mpaka juu kabisa. Akaona alama zake mwenyewe za udongo mweupe, ya shingoni, ya kifuani, ya kiunoni, ya magotini, zimeshuka moja chini ya nyingine kama ngazi.

"Mungu wangu," akasema. "Nilikuwa nashuka ngazi, tena nikiimba."

Aliona aibu. Aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto. Akashuka akakaa karibu na Kanga, mkia umelala chini.

"Twende tukamwambie Ndovu arudishe," Kanga akasema.

"Ngiri alikwenda. Kamuulize miiba mingapi imebaki."

"Basi tunyamaze?" Kanga akaanza kulia. "Mawingu yameshakaa mlimani, shoga. Mvua ikinyesha nitapanda nini? Vifaranga wangu watakula nini? Nitawaambia bibi yenu alituachia mtama, nikaupoteza kwa kuwa sawa na wenzangu?"

Kindi alimtazama Ndovu aliyesimama mbali kwenye kivuli. Miguu minne, tumbo la mviringo, ngozi ya udongo. Mkia wa Kindi ukaanza kuinuka kidogo kidogo.

"Bi Kanga, kilichojaa hufanywaje?"

"Hupunguzwa."

"Na mbegu zetu ziko wapi?"

"Tumboni mwake."

"Basi kihenge kilichojaa tumekwisha kukiona. Kilichobaki ni chenyewe kukubali kwamba ni kihenge. Futa machozi, kanyamaze kama hujui lolote."

Kindi akaenda mpaka kwa Ndovu. Akasimama kwa adabu, mikono kifuani.

"Shikamoo, Mzee Ndovu."

"Marahaba. Unataka nini, kijitu?"

"Nimekuja kukuonya, mzee wangu. Watu wanakusifu kwa uongo. Wanasema wewe ndiye mwenye kihenge kikubwa kuliko vyote bondeni."

"Uongo uko wapi hapo?"

"Kipo kikubwa kuliko chako."

Ndovu akainua masikio. Fwaa! "Cha nani? Kiko wapi?"

"Kina nguzo nne nene kuliko magogo. Kimekandikwa udongo wa kijivu bila ufa. Tumbo lake mviringo, hakihitaji paa, hakiliwi na mchwa, moto ukija kinaondoka chenyewe, mafuriko yakija kinapanda kilima chenyewe. Mzee, katika kupima kwangu kote sijaona kihenge kama hicho."

"Nani mwenye kihenge hicho?" Ndovu akanguruma. "Nitakichukua!"

"Unacho, mzee. Ni wewe."

Ndovu akajitazama miguu. Akajitazama tumbo upande huu, akajitazama upande ule. Mkonga ukajikunja kwa raha.

"Mimi?"

"Wewe. Tena nasikitika hujaandikishwa. Ungekubali tu mbele ya watu kwamba u kihenge cha bonde, kila mwandamo ungejazwa kwa haki yako, mchana kweupe, watu wanaimba. Hakuna habari ya kula kwa kujificha..." Kindi akaziba mdomo. "Namaanisha, hakuna habari ya kujisumbua."

Ndovu hakusikia hilo la kujificha. Alishasikia la kujazwa. "Na kihenge changu cha miti je? Nacho kitajazwa?"

"Vyote viwili. Na kikiwa kitupu kabisa, si kitajazwa zaidi?"

Mlafi hafikiri kwa kichwa, hufikiri kwa sehemu anayoipenda. Ndovu akafikiri kwa tumbo, akaona ni jambo la maana sana. Kindi alipompa mgongo tu, mkonga ukaingia ndani ya kihenge. Fyuuu, gubu! Fyuuu, gubu! Alisema, "Nitamaliza leo, kesho kutwa nitakuwa mtupu, nijazwe mara mbili." Akakomba. Akafagia. Akapekua hadi kwenye fito kutafuta punje zilizokwama. Lakini tumbo halina haraka ya mwenyewe. Mwezi ulipoandama Ndovu alikuwa bado kashiba vile vile, anapumua kwa zamu.

Wanyama wakakusanyika. Kindi akapanda juu ya jiwe.

"Ndugu zangu! Leo tuna kihenge kipya. Mzee Ndovu, kwa hisani yake, amekubali kuwa kihenge cha bonde."

Wanyama wakatazamana. Ngiri alitaka kusema, akakumbuka miiba, akafunga mdomo.

"Mzee, sema kiapo cha vihenge," Kindi akasema. "Nifuatishe. Mimi ni kihenge cha bonde."

"Mimi ni kihenge cha bonde!" Ndovu akanguruma kwa furaha.

"Kilicho ndani yangu ni cha wote."

"Kilicho ndani yangu ni cha wote, haya, haya."

"Nikipungua nijazwe."

"NIKIPUNGUA NIJAZWE!"

"Nikizidi nipunguzwe."

"Nikizidi nipunguzwe. Haya, pima upesi, vikapu viko wapi?"

Kindi akachukua kokwa lake. Kwanza akapima vya wenyeji. Ndu... kwo! Magotini. Ndu... kwo! Magotini. Akapima kihenge cha miti cha Ndovu. Kwo, kwo, kwo, kwo! Kitupu mpaka shingoni. Ndovu akatabasamu.

Kisha Kindi akaanza kupanda mguu wa Ndovu. Magotini, ndu. Kiunoni, ndu. Tumboni, ndu, ndu, ndu! Kifuani, ndu! Akapanda mgongoni, ndu! Akapita shingoni, ndu! Akafika utosini, kati ya masikio, akagonga.

Kwo!

"Hapo tu ndipo patupu!" Kindi akapiga kelele.

Lahaula! Wanyama walicheka mpaka Nungunungu akamchoma jirani yake. Lakini Bi Kanga hakucheka. Alisimama mbele ya Ndovu, vifaranga nyuma yake, akauliza kwa sauti:

"Watu wa bonde, kihenge kilichozidi kinafanywaje?"

"Kinapunguzwa!"

Ndovu akashtuka. Masikio, fwaa! "Nani apunguzwe? Mimi si kihenge! Mimi ni Ndovu!"

"Vyema, mzee," Kindi akasema palepale utosini, mdomo karibu na sikio. "Kama u kihenge, kilichomo ni cha wote, umeapa. Na kama si kihenge, basi hebu tuambie hizo mbegu zimeingiaje humo."

Ndovu akataka kuwakanyaga wote, akainua mguu mmoja, tumbo likamwuma, akaurudisha chini. Aliyeshiba kupita kiasi hapigani. Tumbo lake likanguruma ngurungunguru, bonde zima likasikia, na kila mmoja akajiuliza kama hiyo ni sauti ya mbegu zake.

Kindi akaona hasira inapanda kwenye yale masikio. Akalegeza sauti. "Mzee wangu, hakuna aliyekutukana. Sisi tumebeba vikapu kichwani miaka yote. Kupanda kilima, kuvuka mto, shingo zinauma. Leo tumepata kihenge kinachojipeleka chenyewe. Wapi umeona heshima kama hiyo? Twende polepole, ni matembezi tu."

"Matembezi?"

"Matembezi. Nami nitakuonyesha njia."

Basi wakaondoka. Kindi kakaa utosini, ameshika sikio hili na sikio lile kama mwendesha punda. Nyuma wanafuata wanyama wote na vikapu vitupu na majembe. Wakafika shamba la kwanza.

"Hapa, mzee. Taratibu."

Pu!

"Sawa?" Kindi akauliza.

"Sawa sawa!"

Ndovu akataka kuendelea papo hapo, maana tumbo likishaanza halisikii la mtu. "Hapana, mzee!" Kindi akamvuta sikio. "Hapa pametosha. Moto hauvuki mto. Twende ng'ambo."

Wakavuka mto. Pu! "Sawa?" "Sawa sawa!"

"Sasa kilimani."

"Kilimani? Nimechoka!"

"Mafuriko hayapandi kilima, mzee. Sogea, sogea."

Wakapanda. Pu! Ndivyo walivyozunguka bonde lote, hapa rundo, pale rundo, pasiwepo penye mengi wala pasiwepo palipokosa. Aliposhusha sehemu moja mara mbili Kindi alimgombeza, na wanyama wakachota la pili kwa majembe wakalipeleka palipopungua. Hata yale ya zamani nyuma ya kihenge walikwenda kuyabeba. Waliziba pua, lakini walibeba. Chota, beba, mwaga! Imbeni! Mbona leo hamuimbi kwa nguvu? Aa, mnaziba pua. Haya.

Usiku ule mvua ikanyesha. Masika ilikuja kama ilivyoahidi, siku baada ya siku, mpaka ardhi ikalainika. Kisha bonde likaota. Uwele uliota, mahindi yaliota, kunde ziliota, tena kwa nguvu ambayo hawajaiona, maana kila punje ilipandwa pamoja na samadi yake. Na huku na kule, kwako na kwangu, kilimani na ng'ambo, ukaota mtama mwekundu. Ule uliokuwa vikapu vitatu tu ulikuwa sasa kila mahali. Bi Kanga alitembea na vifaranga wake kutoka shamba hadi shamba akiwaonyesha. "Huu ni wa bibi yenu," anasema. "Na huu. Na ule pale." Alilia tena, lakini safari hii vifaranga hawakuogopa.

Na Ndovu? Ndovu alipona tumbo. Watu walimpungia mkono alikopita, wakamwita Mzee Kihenge, na polepole alianza kulipenda hilo jina. Hakuweza kuacha yale matembezi. Mpaka leo hakai mahali pamoja. Anakula hapa, anashusha kule, anavuka mto, anapanda kilima. Na ukikaa karibu naye pakiwa kimya utasikia tumbo lake, ngurungunguru. Linaulizia alama.

Na mwandamo uliofuata, Kindi alipopima na kuuliza, "Sawa?", wakajibu, "Sawa sawa!" Ngoma ikataka kupigwa. Bi Kanga akasema, "Ngojeni kwanza. Sawa wapi? Panda ukalinganishe na alama ya zamani."

Kindi akatazama juu, mpaka shingoni, mbali kweli. Akahema. "Kazi imerudi," akasema. Akapanda.

Hadithi yangu nimeimwaga yote, mwenye kikapu achote, asiye nacho aazime masikio ya jirani.

Mnataka fundisho? Haya, lipo. Fundisho ni hili, wanangu: usiibe. Lakini kama huwezi kujizuia, basi usitafune, na ukishameza, tembea sana. Wizi wa kukaa mahali pamoja ndio mbaya. Wa kutembea ni kilimo.

Mnacheka nini? Nendeni mkalale. Sikudhani, nipe bakuli langu.

Lo! Bakuli kavu! Karanga zimekwenda wapi? Si nilisema kila mtu achote kwa zamu? Nani kala? Hakuna mtu kuondoka! Simameni mstari, niwagonge matumbo mmoja mmoja kwa kokwa hili. Mbwana, njoo. Kwo. Sikudhani. Kwo. Wewe mdogo. Kwo, maskini ya Mungu, hukupata hata moja.

Sasa mbona mnanizunguka mimi? Mbwana, weka chini hilo kokwa. Weka chini, nasema! Mimi ni mtu mzima, mimi si ki—

Ndu.